Mukaba Uliozaa Matundu

Muuguzi alicheka. Hakucheka kwa ubaya, maskini wa Mungu. Alicheka kama mutu aliyeletewa kuku akaulizwa juu ya nini hana meno. Nilikuwa nimemupeleka binti yangu kliniki, hapa hapa Nchelenge, kwa sababu nyayo zake ni bapa. Akikanyaga sakafu yenye maji, alama inatoka nzima, toka kisigino mpaka vidole, bila lile pengo la katikati ambalo watoto wengine wanalo. Muuguzi alimusimamisha kwa ncha za vidole, akamukanda nyayo, akamwambia akimbie mpaka mulangoni na kurudi. Kisha akaniambia watoto wengi wako hivyo, wakikua muguu unajijenga wenyewe, na kama haumuumi hahitaji kitu.

"Hata kiatu cha kuinua unyayo?" nikauliza.

"Cha nini, mukwai? Mwache acheze."

Nilikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mimi ni mutu wa kelele, sokoni Kashikishi wananijua. Ukigusa vitenge vyangu na mikono ya mafuta utasikia habari yako. Lakini siku ile sikupata neno. Harufu ya gundi ya viatu ilinijia puani, pale katikati ya dawa na sabuni, harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto, na muguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma mahali ambapo hakuna kidonda tena.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi kwenye mukeka, anachambua chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, anatupa mawe upande.

"Mama," nikamwambia, "zamani muguu yangu ilikuwa na ugonjwa gani?"

Hakuinua kichwa. "Haikukuwa na ugonjwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akaendelea kuchambua. Nikasimama pale na kikapu kichwani, mutu muzima, mwenye watoto, nikiwa nimepigwa na butwaa. Kwa sababu wewe mwenye umri wangu, uliyevuka ziwa hili ukiwa mutoto, utanielewa: tuna vitu ambavyo tulivibeba miaka yote tukidhani tunavijua, kumbe tulikuwa tumevishika kichwa chini.

Tulivuka ziwa na mupaka kutoka upande wa Pweto, Mama, mimi na mudogo wangu, wakati bunduki zilipokaribia. Mudogo wangu jina lake Dieumerci. Sisi tulimwita Merci. Alikuwa na miaka minne, mimi nane. Papa alibaki. Alisema mutu hawezi kuacha nyumba na mbuzi ziangaliwe na wezi, na kwamba siku si nyingi tutarudi tumukute anakunywa chai. Alitupandisha kwenye boti mumoja mumoja. Mimi aliniinua kwa makwapa, akanusa nywele zangu, akasema ninanuka moshi. Nilikasirika. Nilimugeuzia mugongo mpaka boti ikaondoka.

Kashikishi tulipokelewa na Bana Mutale, mama mumoja wa Kibemba mwenye uwanja karibu kabisa na maji. Alitupa chumba kimoja cha matofali, na Mama akawa anamusaidia kuanika chisense. Sisi watoto tulifukuza ndege. Tulijifunza Kibemba haraka, kama watoto wote, na hapo ndipo nilijulishwa kwamba miguu yangu haiko kama ya wengine. Kwetu, kule juu kwenye mawe na majani, nani angeona? Lakini pale ufukweni kila mutu anaacha alama kwenye muchanga, na wenzangu walizisoma zangu. Waliniita Bata. Walitembea nyuma yangu wakilia kwa-kwa-kwa, na mimi niliwatupia mawe, na siyo madogo.

Jioni miguu ilikuwa inaniuma kidogo, kama inavyomuuma mutoto yeyote aliyekimbia kutwa nzima. Nilimulilia Mama. Mama akanishika mukono akanipeleka kwa Ba Chola.

Ba Chola alikuwa fundi wa viatu sokoni, muzee mufupi mwenye mikono myeusi kwa gundi. Kazi yake ilikuwa kukata matairi ya lori na kuyafanya makubazi. Alijua Kiswahili cha biashara tu, alichokiokota kwa wachuuzi wa samaki kutoka ng'ambo, na alikitumia bila aibu. Alinishika muguu, akaugeuza huku na huku.

"Awe!" akasema. "Iyi hapana muguu. Iyi pasi. Mama, wewe iko nyoosha nguo na huyu mutoto?"

Mama alicheka. Ninakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu tuvuke. Mimi sikucheka.

Alifanya kazi siku mbili. Soli aliikata kwenye tairi. Pale katikati, chini ya unyayo, alitoboa midomo miwili, mumoja kila upande, akapitisha ukanda wa ngozi chini ya muguu, ukapanda juu ya muguu mpaka kwenye bizimu aliyoitoa kwenye mufuko wa shule uliochakaa. Juu ya ule ukanda, ndani, alibandika kipande cha mupira wa patapata ya zamani, amekichonga kama nusu ya yai. Ukivuta mukaba, yai linapanda na kusukuma unyayo juu. Ukilegeza, linashuka. Viatu viwili, mikaba miwili, na kila mukaba matundu saba, aliyoyatoboa kwa musumari wa moto.

"Kila mwezi, tundu moja," alimwambia Mama, na kidole kimoja hewani. "Usiruke. Muguu iko kama mutoto. Unafundisha polepole. Ukilazimisha, inakasirika."

Tukiwa njiani kurudi, nilimuuliza Mama swali nililomuuliza kila siku: tutarudi lini kwa Papa?

"Muguu yako ikipona," akasema. "Kutoka Pweto mpaka kwetu ni kutembea siku mbili. Nani atakubeba? Nibebe weye ao nibebe Merci?"

Basi. Kwa mutoto wa miaka nane hiyo siyo jibu tu, ni ahadi. Matundu saba, miezi saba, halafu Papa. Nilimuonyesha Merci ule mukaba, nikamuwekea kidole chake kwenye tundu la mwisho, nikamwambia: "Papa iko hapa." Tangu siku hiyo akiamka tu anakuja kwanza kugusa lile tundu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani, Mama aliniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akasogeza mukaba. Tundu la kwanza sikusikia kitu. La pili nilisikia kama nimekanyaga limau. La tatu nilizoea. Na Mama mwenyewe, ninawaapia, alikuwa anafurahi. Alinikanda nyayo na mafuta ya mawese, akaimba. Wakati ule hakuwa na hila yoyote. Alitaka kurudi kama mimi.

Halafu Baba Mudogo akaja.

Alikuwa mudogo wake Papa, wamefuatana tumbo moja. Alinunua samaki kule Chisenga na Puta, upande huu wa ziwa, akawavusha kuuza ng'ambo, kwa hiyo boti ilikuwa maisha yake. Sauti yake na ya Papa ni moja. Ukifumba macho huwezi kutofautisha. Nilipomusikia anabisha hodi nilipiga kelele nikidhani ni Papa mwenyewe. Kawaida yake alikuwa anamurusha Merci juu na kumudaka. Siku ile alimushika kichwa tu.

Mama akatutuma maji, kila mutu na ndoo yake. Tuliporudi macho ya Mama yalikuwa mekundu.

"Moshi," akasema.

Moto haukuwaka. Niliuona ule ujivu wa baridi, na bado nilikubali kwamba ni moshi. Mutoto anaamini kile anachotaka.

Baba Mudogo aliniita, akapiga goti, akautazama muguu wangu ndani ya kiatu.

"Hii njo inawazuia?" akamuuliza Mama.

"Njo hii. Haiwezi kutembea mbali."

"Bon. Ikipona, munarudi. Batoto ya ndugu yangu hawawezi kukomea mu inchi ya batu."

"Ikipona," Mama akasema.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa amenyoa nywele zote. Alisema ni joto. Na tangu siku ile alivaa kitenge kimoja tu cheusi, anakifua jioni, anakivaa asubuhi. Nilidhani anatunza sabuni. Bana Mutale alikuja akamutazama kichwa, akakaa naye chini muda murefu, na alipoondoka alituachia sisi watoto samaki mukubwa wa kukaanga. Nilimwambia Merci kwamba Bana Mutale amepata bahati leo. Mama yangu wee! Nilikuwa na macho mawili na sikuona kitu.

Wiki hiyo hiyo Mama alinipeleka kliniki. Sikuelewa walichozungumza, kilikuwa Kiingereza na Kibemba cha wakubwa, lakini daktari alinivua viatu, akanikimbiza uwanjani, akacheka, kama yule muuguzi wa majuzi. Mama hakucheka. Alinivalisha viatu, akafunga bizimu, na tukarudi kwa njia ya sokoni. Alivivua tena kwa Ba Chola, akaniambia nikatazame wauza ndizi. Nikatazama wauza ndizi.

Jumapili ya tundu la nne nilihesabu yaliyobaki. Saba kutoa nne ni tatu, hilo nililijua vizuri, shuleni nilikuwa wa kwanza. Nikagusa kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikahesabu tena. Tano! Nikamwita Merci ahesabu, naye alijua mpaka tatu tu, akasema tatu, nikamupiga kofi.

"Mama, matundu imeongezeka."

"Ulihesabu mubaya."

"Sikuhesabu mubaya!"

"Solange. Usiniletee maneno."

Nikaenda kwa Ba Chola peke yangu. Alikuwa anapaka gundi. Nikamuwekea muguu mbele ya uso, kiatu na vumbi lake.

"Ba Chola, haya matundu yalitoka wapi?"

Alitazama kiatu. Alitazama barabara. "We mwana," akasema, "ngozi iko kitu ya ng'ombe. Ng'ombe iko zaa. Basi mukaba nayo iko zaa."

Alizoea kutania na kucheka mwenyewe kabla hujacheka. Safari hii hakucheka. Alichukua kisu akaanza kunoa, nacho kilikuwa kimeshanolewa.

Mwezi uliofuata yaliongezeka mawili mengine. Ule mukaba ulikuwa murefu, ncha yake ilining'inia, na nafasi ya kutoboa haikukosekana. Sasa fikiria: wewe ni mutoto, baba yako yuko mwisho wa ukanda, na kila ukisogea hatua moja, ukanda unaongezwa mbili. Nilikasirika sana. Nilianza kuamini kuna mutu hataki nimuone Papa, na kwa kuwa sikuweza kumufikiria mutu, niliuwekea chuki mukaba wenyewe. Nilisema nitaushinda.

Siku moja Mama alipokuwa kwenye chanja la samaki, niliketi nyuma ya nyumba, nikavuta. Nilivuta kwa mikono, ikashindikana, nikavuta kwa meno. Ngozi ilikuwa na ladha ya jasho na gundi. Nilivuka tundu la sita, la saba, la nane, mpaka la mwisho kabisa, bizimu ikaingia. Kisha nikafanya na cha pili. Nikasimama, nikakaa tena. Nikasimama mara ya pili nikiwa nimeshika ukuta.

Kila asubuhi niliufunga hivyo. Jumapili kabla ya kanisa niliulegeza, na nikavaa soksi ndefu ambazo Bana Mutale alinipa, ili Mama asione. Muguu wa kushoto ukavimba, ngozi ikachubuka chini ya lile yai la patapata, ikatoa maji, halafu damu, halafu kitu kingine chenye harufu. Nilivumilia. Usiniulize mutoto anapata wapi nguvu hizo. Nilikuwa ninamukumbuka Papa akininusa nywele, na mimi nikimupa mugongo, na nilitaka kurudi kumugeukia.

Wiki ya tatu nilishuka majini, pale muchanga uko laini na mugumu pamoja, nikavua kiatu, nikakanyaga. Nikainua muguu. Alama ilikuwa na pengo katikati! Pengo zuri, limepinda kama la mutu yeyote. Nilikanyaga tena, na tena, pengo lilikuwa pale pale. Nililia kwa furaha. Leo ninajua kwamba maumivu yalikuwa yamenifundisha kukanyaga kwa ubavu wa muguu, kukwepa kidonda. Unyayo wenyewe haukuwa umebadilika hata kidogo. Lakini mimi niliona ninachokiona: nimepona.

Nilitaka kumwambia Mama jioni. Sikufika jioni. Boti ya Baba Mudogo ilitia pua ufukweni muchana ule ule, na mimi nilikuwa hapo hapo majini.

"Baba Mudogo! Kuya uone! Mi nilisha kupona!"

Alishuka, suruali imekunjwa mpaka magoti. Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, anageuza chisense. Akasikia.

"Solange!" akaita. Hakuwa amewahi kuniita kwa sauti ile.

Sikugeuka. Nilikanyaga muchanga kwa nguvu, nikainua muguu, nikaonyesha kidole. Baba Mudogo akainama. Aliingiza kiganja kwenye lile pengo, taratibu, kama anapima kitu cha kununua.

"Imepona," akasema.

"Imepona! Twende kwa Papa! Leo!"

Akanitazama. Halafu akamutazama Mama, ambaye sasa alikuwa amesimama na mikono yake imejaa samaki.

"Haukumwambia?" akamuuliza. "Miezi yote hii, haukumwambia mutoto?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Kwa Papa gani, mwanangu?" Baba Mudogo akasema, na ile sauti ilikuwa sauti ya Papa, Mungu wangu, ilikuwa sauti yake kabisa. "Papa yako alisha kufa. Tulimuzika. Mimi nilikuja kumwambia mama yako."

Nilicheka. Naona aibu kusema, lakini nilicheka, kwa sababu mutu anawezaje kusema kwa sauti ya Papa kwamba Papa amekufa? Nikaona Mama anakuja mbio. Nilijikunja, nikijua anakuja kunipiga. Alinipita. Alifika kwenye ile alama yangu akaikanyaga, akaikanyaga tena kwa miguu yote miwili, akairushia muchanga, akaifuta mpaka ikawa shimo la maji. Alifuta na zile nyingine zote. Halafu akaanguka chini na kulia.

Kile kilio sijawahi kukisikia tena. Kilikuwa cha miezi. Alikuwa amekimeza siku zote zile, akipika, akianika, akiimba kanisani, na sasa kilitoka chote kwa mara moja, na jina la Papa ndani yake. Na pale kwetu ufukweni, mujane akilia, kazi inasimama. Bana Mutale alikuja wa kwanza, amefunga kitenge kiunoni, akaketi kwenye muchanga. Wakaja wengine. Wanawake ambao hawakujua hata neno moja la Kiswahili walilia pamoja naye kwa Kibemba chao. Baba Mudogo alikuwa tayari kutupandisha kwenye boti. Lakini mutu hawezi kukata kilio cha ndugu yake mwenyewe. Alivua kofia, akaketi, na baada ya muda naye akalia. Hakuwa mutu mubaya. Ningependa angekuwa mubaya, ingenisaidia.

Kilio kilichukua siku tatu. Ya tatu wakubwa walizungumza, na mimi nilikuwa nimelala miguuni kwa Mama nikasikia yote. Kwa watu wa Papa, watu wa milimani, mutoto ni wa ukoo wa baba. Baba akifa, ndugu yake anachukua watoto, na mujane anaingia nyumbani kwa huyo ndugu. Baba Mudogo alikuwa na wake wawili. Ndilo lililokuwa linamungojea Mama ng'ambo, na ndiyo maana mukaba ulizaa.

"Huku kwetu mutoto ni wa nyina," Bana Mutale alisema, na mutu mumoja akatafsiri.

"Ni kwenu," Baba Mudogo akajibu kwa heshima. "Siyo kwetu. Mukubwa wangu akiniuliza batoto yake iko wapi, nitamwambia nini?"

Mama akasema yeye hatakwenda. Baba Mudogo akasema hatamulazimisha muke wa ndugu yake, lakini watoto anaondoka nao. Hapo Mama alinivuta muguu, akavua soksi, ambayo ilikuwa imeshikana na nyama. Nilipiga ukelele. Na Mama mwenyewe, aliyevuta ile soksi, ndiye aliyeshtuka kuliko wote, kwa sababu hakujua. Alikuwa anataka kuonyesha muguu bapa tu, akakuta kidonda. Nilimuona anauweka mukono kwenye mudomo. Nilimuona pia, na hili sitalisahau, anauondoa mukono, anameza, na anageuza kile kidonda vizuri kwenye mwanga ili Baba Mudogo aone.

"Huyu atembee siku mbili?" akasema. "Uende naye akufie mu njia?"

Baba Mudogo alitazama, akageuza uso.

"Huyu abaki mpaka apone," akasema. "Lakini kijana ni jina ya ndugu yangu. Kijana ninaenda naye."

Merci alifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa na miaka mitano, alikuwa anapanda boti yenye mota, na Baba Mudogo alimuketisha mbele na kumuruhusu kushika kamba. Alitupungia mukono akicheka. Mama alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha zile siku tatu.

Nilingoja anipige. Nilingoja siku ile, nikangoja wiki nzima. Kama si alama yangu, Baba Mudogo angerudi peke yake, kama mara ya kwanza. Asubuhi na jioni Mama alinisafisha kidonda na maji ya chumvi, ananipuliza nisiumie. Kidonda kikafunga. Siku kilipofunga kabisa, aliniketisha kwenye ndoo, akanivalisha kiatu, akavuta mukaba mpaka mwisho.

"Mama, lakini nilisha kupona."

"Najua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke kuja."

Baba Mudogo alikuja kila kiangazi. Kila mara aliuliza kama mutoto amepona, Mama akasema bado, na mimi nikatembea mbele yake. Sikuhitaji kufundishwa. Nilichechemea vizuri sana, nikikunja uso pale pa kukunja, nikishika ukuta pale pa kushika. Wakati mwingine aliniletea habari za Merci: amejua kusoma, ameng'oka jino, anachunga mbuzi. Nilisikiliza huku nimeshika ukuta. Viatu vikawa vidogo, Ba Chola akashona vingine bila kuulizwa, na matundu mengi tangu mwanzo. Mwisho Baba Mudogo akaacha kuja. Nilikuwa na miaka kumi na mumoja, na ilinichukua mwaka muzima kutembea sawasawa tena.

Merci hakurudi. Kwanza ilikuwa vita, halafu barabara, halafu shule, halafu alikuwa mwanaume mwenye muke na nyumba huko milimani. Siku hizi kuna simu. Alinipigia juzi, siku chache baada ya ile kliniki. Ana sauti ile ile ya kwao, ya Papa na Baba Mudogo, na kila mara ninapoisikia mwili unanisisimka. Nilikuwa ninapika, nikaweka simu juu ya meza ili sauti isikike, na Mama alikuwa ameketi mulangoni.

Tulizungumza bei ya mahindi, mvua, watoto wake. Halafu akauliza, kwa adabu, kama mutu anavyouliza habari za jirani:

"Na mama yako anaendelea aje?"

Mimi mutu wa kelele niliweka mwiko chini. Nilimutazama Mama. Alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa kidogo, akaniashiria na mukono nijibu, nisimungojeshe mutoto wa watu kwenye simu.

"Mama yangu iko muzima," nikasema.